Kitoboa udongo cha kusukuma kwa mkono: kinafaa kununuliwa kwa bustani ya nyumbani hapa Tanga?

Baba Wawili (Kange)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa mfukoni.

Nina bustani ya majani mbele ya nyumba, mita 8 kwa 15. Nilipanda ukoka miaka minne iliyopita, tukapalilia kwa mikono mpaka ukafunga. Mama yangu anaishi nasi, na kila alasiri anatandika mkeka chini ya mwembe na wajukuu zake. Hapo ndipo sebuleni kwake. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Desemba tulimwoza mdogo wangu hapa hapa nyumbani. Maturubai mawili, viti, spika, na lori la vyombo likaingia mpaka ndani siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tangu hapo majani si yale. Nikimwagilia, maji yanatuama juu kama nimemwaga kwenye sakafu, kisha yanajitafutia njia kwenda getini. Lilikopita lori kuna mistari miwili ya udongo mtupu. Nimeweka samadi, nimeweka urea, nimezidisha maji. Hakuna kilichobadilika.

Wiki iliyopita nimeona kifaa kwenye duka la vifaa mjini. Mpini mrefu, chini kuna roli lenye meno ya chuma yaliyochongoka, juu kuna kisahani cha kuwekea mzigo. Unakisukuma kama toroli na meno yanatoboa ardhi. Muuzaji anasema mizizi itapata hewa na maji yatazama. Shilingi 180,000.

Kuna aliyekitumia? Masika iko karibu, nataka kuwa tayari.

Kijana wa Mikanjuni

Nafuatilia uzi huu. Kwangu maji yanatuama vilevile.

Mgosi wa Muheza

Mgosi, hongera kwa harusi na pole kwa bustani. Kifaa hicho ninacho. Nilikinunua Dar miaka mitatu iliyopita, nikakileta kwenye buti la basi, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Niliingia nacho bustanini mwezi wa pili, ardhi kavu. Kilipita juu juu. Nikigeuka nyuma naona alama tu, kina chake hakifiki ukucha. Nikafunga mfuko wa mchanga wa kilo 25 kwenye kile kisahani. Meno yakaingia kidogo zaidi, lakini kukisukuma kukawa kazi ya watu wawili, mmoja nyuma na mwingine mbele akivuta kwa kamba, na mpini ukaanza kulegea kwenye nati.

Masika ilipoanza nikarudi tena, ardhi imelainika. Meno yakazama kama sentimita tatu. Nikafurahi sana. Baada ya wiki mbili vile vitundu vilikuwa vimejifunga na maji yakawa yanatuama palepale yalipokuwa yakituama. Udongo wangu ni mwekundu, unanata. Nadhani na wako ni huo huo.

Sasa hivi kiko stoo.

Bi Mkubwa wa Raskazone

Wanangu, kila mtu aseme la kwake. Mimi ninacho kama hicho mwaka wa tano na sijajuta. Kwangu ni mchanga, chini yake matumbawe. Kiangazi kikikolea mchanga unakauka mpaka unakataa maji, ukimwagilia yanakimbia pembeni kama juu ya bati. Nikipitisha roli mara mbili, moja kwa urefu na moja kwa upana, maji yanaingia. Nakisukuma mwenyewe na nina miaka 61.

Kwa hiyo usiseme kifaa ni kibaya. Sema kwako kimeshindwa.

Mtunza Majani

Bi Mkubwa, shikamoo. Umesema neno la msingi kuliko yote kwenye uzi huu, na ndilo wauzaji hawalisemi: inategemea umesimama juu ya udongo gani.

Nimekuwa nikitunza majani tangu 2004, nyumba za watu, hoteli, viwanja vya shule, kuanzia mjini mpaka Pangani. Nitaandika kirefu, mnivumilie, maana hapa watu wanapoteza pesa.

Kwanza tatizo lenyewe. Udongo wenye afya, karibu nusu yake si udongo. Ni nafasi, vitundu vidogo ambamo hewa na maji hukaa. Mzizi unapumua, unahitaji hewa kama wewe. Lori likipita, au watu mia wakikanyaga mahali pamoja udongo ukiwa umelowa, vile vitundu vinabanwa. Ndiyo maana siku ya mvua ni mbaya kuliko zote: udongo mkavu unajihimili, uliolowa unateleza chembe kwa chembe na kushikana. Baba Wawili, lori lako lilifanya kazi ile ile anayoifanya fundi anaposhindilia kifusi kabla ya kumwaga zege. Samadi na urea ulizoweka juu hazikuwa na njia ya kushuka.

Sasa kifaa. Chukua karatasi tupige hesabu. Hilo roli tuseme lina kilo 20, na meno manane yanagusa ardhi kwa wakati mmoja. Kila jino linapata kilo mbili na nusu. Ongeza mzigo wa kilo 40 juu yake, kila jino linapata kilo saba na nusu, na hapo tayari unahema. Wewe mwenyewe una kilo ngapi? Tuseme 70. Ukisimama kwa mguu mmoja juu ya kifaa chenye meno mawili tu, kila jino linapata kilo 35. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kwenye mchanga wa Raskazone kilo mbili na nusu zinatosha kulizamisha jino. Kwenye udongo mwekundu ulioshindiliwa na lori, hazitoshi na hazitatosha hata ukisukuma kuanzia alfajiri.

Kuna jambo la pili, na hili ni zito zaidi. Jino lililochongoka halitoi udongo. Linausukuma pembeni. Kwenye kichanga si neno. Kwenye udongo wa kunata, kuta za kile kitundu zinabanwa zaidi ya zilivyokuwa na kulainishwa kama chungu kinavyolainishwa na mfinyanzi. Ndicho alichokiona Mgosi: vitundu vimejifunga na maji yametuama. Udongo haukupungua hata kijiko, umehamishwa tu kutoka hapa kwenda pale.

Kinachofaa kwa udongo wako ni meno ya bomba, yaliyo wazi ndani. Unakanyaga, bomba linaingia sentimita saba mpaka kumi, ukichomoa linatoka na kipande cha udongo mviringo kama kipande cha muhogo. Ukikanyaga tena mbele, kipande kipya kinakisukuma cha kwanza nje juu ya majani. Hapo kweli umetoa kitu ardhini, na udongo wa pembeni unapata pa kutanukia. Hicho nacho ni cha mkono, cha kukanyaga, hakina injini.

Lakini kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi ndefu, nenda bustanini siku moja baada ya kumwagilia vizuri. Ichomeke kwa mkono mmoja, bila kupiga nyundo. Ikizama sentimita 10 mpaka 15 bila taabu, tatizo lako si udongo kushikana na usinunue kitu. Ikikwama njiani, pima ilipokwama. Fanya sehemu kumi na uandike. Kisha uturudie hapa.

Kijana wa Mikanjuni

Mzee, na vile viatu vyenye misumari chini? Nimeviona mtandaoni, unatembea tu bustanini.

Mtunza Majani

Achana navyo. Misumari mingi chini ya wayo mmoja, hesabu ni ile ile, na pembeni mwa kila msumari kuna soli ya kiatu inayoshindilia. Na unaweza kuteguka kifundo cha mguu.

Baba Wawili (Kange)

Mzee wangu shikamoo, na asanteni wote. Jana nilimwagilia, leo asubuhi nimezunguka na bisibisi. Majibu ni haya.

Ilikopita lori: sentimita 3, mbili, tatu. Haiendi zaidi hata nikiegemea.
Lilikokuwa turubai kubwa: 5, 4, 6.
Chini ya mwembe, mahali pa mama: 4, na sehemu moja nimegonga mzizi.
Pembeni karibu na ukuta, ambako hapakukanyagwa: 13, 12.

Nimeshangaa. Nilidhani bustani nzima imekufa, kumbe pembeni pazima kabisa. Nimechimba kidogo nilikopima 13, nyungunyungu wapo. Kwenye njia ya lori sijaona hata mmoja.

Swali langu sasa ni mwembe. Kabla ya harusi pia majani yalikuwa hafifu pale.

Mtunza Majani

Marahaba. Umefanya kazi nzuri, na umejiokolea pesa. Huna bustani ya mita za mraba 120 yenye tatizo. Una kama mita 50. Pembeni usipaguse, nyungunyungu wanakutobolea bure usiku na mchana.

Mwembe ni habari nyingine. Ukoka ni jani la jua, unataka jua la siku nzima. Chini ya mwembe utatoboa mpaka uchoke na hautafunga, kwa sababu unachokosa ni mwanga, na kile kidogo unachokipata ardhini unagombania na mizizi ya mwembe wenyewe. Hapo ama punguza matawi ya chini jua lipenye, ama panda majani yenye jani pana yanayovumilia kivuli, ama pakubali palivyo. Wala usitoboe kwa nguvu kwenye mizizi ya mti. Mwembe umewatunza miaka mingi kuliko ukoka.

Kocha wa Watoto

Niongeze la viwanja, maana najua wengi humu mnaangalia viwanja vya mitaa yetu kwa uchungu kama mimi.

Tulijaribu kifaa cha kukanyaga kwenye uwanja wa mazoezi, vijana 11 wakipokezana. Tulifanya mbele ya magoli mawili na katikati, basi. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ni zaidi ya mita za mraba 7,000, hapo mkono hauwezi, panataka trekta. Lakini zile mita za mraba 40 mbele ya goli ndizo zinazokufa kwanza, na hizo zinawezekana kwa asubuhi moja. Mwaka ule kipa wetu alianguka kwenye majani. Kabla ya hapo mazoezi yakiisha kila mara alikuwa na vidonda viwikoni.

Sisi hatukununua. Tulitumia uma wa shambani wenye meno manne.

Mama Nyanya (Pongwe)

Kocha, uma unatosha kweli? Ninao, natumia kugeuzia mboji.

Kocha wa Watoto

Unatosha dada kama mahali ni padogo. Udongo uwe na unyevu. Zamisha meno yote kwa uzito wa mguu, kisha vuta mpini nyuma kidogo tu mpaka uone majani yananyanyuka kama yanapumua. Usiyapindue. Chomoa, sogea upana wa kiganja na vidole, rudia. Hautoi udongo kama meno ya bomba, ila ile kuvuta nyuma inaupasua udongo chini kwa chini, na zile nyufa zinafanya kazi. Mgongo utauma, kwa hiyo gawa kazi kwa siku tatu.

Mtunza Majani

Nakubaliana na Kocha neno kwa neno. Mtu mwenye mita 20 na uma nyumbani, asinunue kitu.

Fundi Chuma (Makorora)

Nasoma tangu juzi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na hicho cha meno ya bomba nimeshakitengeneza mara mbili, cha kwanza kikaniharibikia. Nikieleza kosa langu mtafaidika.

Cha kwanza nilikata mabomba mawili ya kawaida, nikachomea kwenye paipu ya mpini, nikaweka chuma bapa cha kukanyagia. Mteja akakanyaga mara tano, bomba likajaa udongo, ukagoma kutoka. Akawa kila hatua anainama kuuchokonoa kwa msumari. Alikirudisha, nikamrudishia pesa yake.

Nilikuja kuelewa kwamba mdomo wa bomba lazima uwe mwembamba kidogo kuliko tumbo lake. Udongo ukishapita mdomoni unakuta nafasi na kulegea, haushiki kuta. Kwa hiyo napasha moto ncha na kuigonga iingie ndani kidogo pande zote. Halafu makali nayanoa kwa nje, si kwa ndani, ili udongo unaoingia usibanwe. Upande mmoja wa bomba nafungua dirisha refu kwa grainda, udongo utokee hapo. Meno mawili, sentimita 15 kutoka moja hadi jingine, urefu wa sentimita 10. Chuma cha kukanyagia kiwe kinene, na mpini ukufikie kiunoni ili usiiname.

Nachaji 55,000 na chuma ni changu.

Bi Mkubwa wa Raskazone

Fundi, hicho kwangu hakifai, chini sentimita kumi ni jiwe. Meno yatapinda.

Fundi Chuma (Makorora)

Kweli Bi Mkubwa. Kwenye matumbawe sikuuzii. Endelea na roli lako.

Mtunza Majani

Bi Mkubwa, nikuulize kwa heshima. Maji ya kumwagilia unatoa wapi? Maana kisima cha karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi, na chumvi ikikaa juu utaona weupe mwembamba ukikauka, na ncha za majani zinaungua.

Bi Mkubwa wa Raskazone

Kisima, mwanangu. Na huo weupe nauona kila Februari. Nilidhani ni mbolea.

Mtunza Majani

Ni chumvi hiyo. Vitundu vya roli lako vinakusaidia kwa hilo pia, kwa sababu mvua ya masika ikija inapata njia ya kuiosha chumvi ishuke chini. Pitisha roli siku ambayo mawingu yamefunga, kabla ya mvua kubwa, kuliko katikati ya jua. Siku nyingine ukimwagilia, mwaga maji mengi mara chache, yashuke, badala ya kidogo kidogo kila jioni. Kidogo kidogo kinaacha chumvi juu. Na kama siku moja utapanda upya, tafuta majani yaitwayo pasipalamu ya pwani, yanavumilia chumvi kuliko ukoka.

Bi Mkubwa wa Raskazone

Pasipalamu ndiyo niliyonayo. Asante sana, hili la kumwagilia hakuna aliyewahi kuniambia.

Mgosi wa Muheza

Mzee, hesabu ya nguvu kazi umeiruka. Kile cha kukanyaga si kitamuua mtu kwa mita 50?

Mtunza Majani

Haki yako kuuliza. Meno mawili, hatua moja matundu mawili. Ukiacha sentimita 15 kati ya tundu na tundu, mita moja ya mraba inachukua matundu kama 44, yaani kukanyaga mara 22. Mita 50 ni mara 1,100. Mtu asiyekimbia anakanyaga mara kumi kwa dakika. Hiyo ni dakika 110, na mapumziko yake tuseme saa mbili na nusu. Asubuhi mbili, saa 12 mpaka jua linapokuwa kali. Bustani ya mita 300 sikushauri, hapo tafuta vijana wa kusaidiana au mashine ya injini.

Na nisiwadanganye juu ya matokeo. Ukikusanya midomo ya matundu yote hayo, ni kama sehemu moja tu kwa mia ya eneo ulilotoboa. Ni kidogo. Kinacholeta nafuu ni kurudia: masika hii, vuli ijayo, masika inayofuata. Anayetaka kutoboa mara moja na kuona zulia baada ya wiki atavunjika moyo.

Wakati wake sasa. Subiri mvua za kwanza zilainishe ardhi, kisha acha siku moja au mbili udongo ushike. Bonyeza kiganjani: ukiwa bonge linalomeguka, ingia. Ukiwa tope linaloshika vidole, subiri, maana utashindilia kwa miguu kile unachokitoboa. Kiangazi usitoboe kabisa, utaikausha mizizi. Majani ya pwani yanakua kwa nguvu kwenye joto na mvua, ndiyo maana masika na vuli ni majira yake: yanaziba majeraha haraka.

Kata majani kwanza yawe mafupi kiasi, lakini usiyanyoe mpaka udongo uonekane. Jua bomba lako la maji limepita wapi, usije ukalitoboa. Vile vipande vya udongo viache juu vikauke siku mbili tatu, kisha vipondeponde kwa mgongo wa reki, vitarudi vyenyewe. Halafu tandaza mchanganyiko wa mboji iliyoiva na mchanga wa mto, unene wa nusu sentimita tu, uusambaze kwa fagio la chelewa uingie matunduni. Kwa mita 50 hiyo ni kama robo ya mita ya ujazo, toroli nne au tano. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi, na kuuchota ufukweni kunabomoa pwani yetu wenyewe. Urea, kama utaweka, gramu 10 kwa mita ya mraba zinatosha, na umwagilie papo hapo isiunguze.

Halafu zuia lori. Hili ndilo la kwanza kwa uzito ingawa nimeliandika mwisho.

Mama Nyanya (Pongwe)

Na anayetaka kujua udongo wake kwa undani, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kiko njia ya Muheza na kazi yake ni udongo. Mimi nilipeleka wangu kwa ajili ya nyanya. Hata kama si kwa bustani ya majani, kwa mwenye shamba ni jambo la maana.

Kijana wa Mikanjuni

Nimechomeka bisibisi kwangu. Imezama yote mpaka mpini. Kumbe maji yanatuama kwa sababu ua umeinamia ukutani na pale ukutani hakuna pa kutokea. Nilikuwa nishaweka oda ya kifaa.

Mtunza Majani

Basi chimba mfereji mwembamba, uujaze kokoto. Oda ifute.

Baba Wawili (Kange)

Mrejesho, wakuu. Leo ni mwisho wa Aprili.

Roli sikununua. Nilikwenda Makorora kwa Fundi Chuma, akanitengenezea cha kukanyaga kwa siku mbili. Mvua zilipoanza nikasubiri kama nilivyoelekezwa, nikabonyeza udongo kiganjani, nikaingia siku ya pili yake asubuhi. Ilikopita lori nilipata shida kubwa. Siku ya kwanza bomba liliingia sentimita tano tu hata kwa uzito wangu wote, na nina kilo 82. Nikaacha, mvua ikanyesha tena, nikarudi baada ya siku nne nikipita kati ya matundu ya mwanzo. Safari hii lilizama lote. Vipande vilivyotoka kwenye njia ya lori vilikuwa vigumu kama tofali bichi, vina rangi ya kijivu kwa chini na harufu ya kuvunda. Vya kwenye turubai vilikuwa vyekundu na vinameguka. Mke wangu ndiye aliyeona tofauti hiyo kwanza.

Mboji ya kuku na mchanga wa mto toroli tano. Urea nusu kilo.

Sasa maji. Juzi mvua ilinyesha kwa nguvu tangu magharibi mpaka usiku. Nilitoka na tochi kuangalia. Lilikokuwa turubai hapakuwa na dimbwi. Kwenye njia ya lori maji yalituama lakini yaliisha kabla sijalala, zamani yalikuwa yanakaa mpaka siku ya pili. Ukoka umeanza kutambaa kutoka pande zote mbili kuingia kwenye ile mistari, umebakiza kama upana wa kiganja katikati. Bisibisi pale sasa inafika sentimita 7.

Chini ya mwembe sikutoboa. Tulikata matawi mawili ya chini, na mama amesema hataki majani pale, anataka mchanga safi kama kwao Pangani, wajukuu wachezee. Nimemletea toroli tatu.

Mtunza Majani

Ile rangi ya kijivu na harufu ni udongo uliokosa hewa. Ikifika vuli, toboa tena palepale unuse. Harufu ikiwa imekwisha, umeshinda. Hongera sana, na mpe mama salamu zangu.

Mgosi wa Muheza

Mgosi umenitia hamu. Fundi Chuma, ukinitengenezea na mimi, lile roli langu utalichukua kama chuma chakavu upunguze bei?

Bi Mkubwa wa Raskazone

Usilikate! Nipe mimi, langu meno yameanza kuisha. Nitakupa pesa.

Mgosi wa Muheza

Limepata mwenyewe basi. Jumamosi nalileta mjini, Bi Mkubwa.

Mama Nyanya (Pongwe)

Baba Wawili, mimi nina mita 30 tu, kununua sioni haja, na mgongo wangu hauwezi uma. Naweza kuazima hicho chako kwa siku mbili? Nitakirudisha kimeoshwa na kupakwa mafuta.

Baba Wawili (Kange)

Bila shaka dada. Tumekubaliana na majirani watatu hapa mtaani kwamba kitumike kwa zamu, hakina maana kukaa ukutani miezi sita. Aliyenacho sasa anamaliza kesho. Njoo keshokutwa asubuhi, usiponikuta muulize mama, yuko chini ya mwembe.